Mzee wa Kanisa na Kifo cha Tajiri

Kahawa ya maganda ikianza kukauka juani hutoa harufu ya matunda yaliyosahauliwa mfukoni. Kila niipatapo namwona baba yangu, mzee wa kanisa kule Bugene, ameinamia jamvi la kahawa, reki mkononi, wala hageuzi hata punje moja.

Nilikuwa darasa la sita, miaka ya themanini. Mama mdogo wa Nkwenda aliniazima riwaya ya upelelezi: tajiri kakutwa amekufa katika chumba cha hoteli kilichofungwa kwa ndani. Mimi, niwaambie ukweli, sikuwa msomaji wa maana. Nilisoma sura mbili, nikachungulia ukurasa wa mwisho, nikamjua muuaji. Alikuwa daktari. Nikawa naendelea kivivuvivu, na ndipo Baba aliponikuta nasoma huku maharage yanaungua.

"Vitabu vya mauaji katika nyumba hii?"

Akakitwaa. Nilikosa raha, maana Mama mdogo alikuwa anakuja kukichukua Jumapili.

Tangu hapo Baba akawa na bidii ya ajabu ya kugeuza kahawa. Mama akimwita kula, anajibu, "Bado kidogo." Siku ya tatu nilipita nyuma ya banda, nikaona: kitabu kimelazwa juu ya kahawa, kidole chake kinatambaa chini ya mistari, midomo inacheza.

Mchana tulipokaa kula ndizi, nikamwambia Mama kwa sauti ya kutosha, "Kumbe yule tajiri aliuawa na mpishi."

Baba akaangusha tonge. "Nyamaza! Ndiyo kwanza nimefika kwenye mazishi!"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Koku, mazishi ya nani?"

Jumamosi Baba alinijia jikoni, macho yamemtoka. "Umenidanganya, Koku! Ni daktari! Nimemchukia yule mpishi bure siku mbili nzima." Akatazama chini. "Kesho muulize mama yako mdogo kama anacho kingine."

Nilijiona mshindi. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Baba aliishia darasa la pili, na maisha yake yote alisoma alichotakiwa kusoma mbele za watu: zaburi, matangazo, barua za majirani. Hiki alikisoma kwa sababu tu alitaka kujua kitakachotokea. Kuninyang'anya kitabu kulikuwa rahisi kwake. Kuniomba kingine, mimi mtoto wake, kulimgharimu.