Vidonge vya Mama

Soko huria lilipotujazia maduka ya Dodoma, mimi, karani wa serikali mwenye tai mbili, niliamua kuiokoa akili ya mama yangu. Ofisini walisema uzee unakula kumbukumbu. Nikamtoa kijijini, nikamleta kwangu Ipagala, nikamnunulia kopo la vidonge vya kumbukumbu na televisheni. Jembe nililipiga marufuku. Kutembea juani pia. Hata majirani niliwaonya wasimchoshe kwa maneno.

Baada ya miezi michache akaanza kuniita kwa jina la mjomba. Nikamwongezea vidonge.

Kisha akarudi kijijini bila kuniaga. Nilinuna msimu mzima. Nilipomfuata nilimkuta akipalilia karanga na wanawake wenzake, wanabishana na kucheka, mgongo umelowa jasho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nilidhani imetosha. Lakini kwetu Wagogo salamu haiishi hapo. Huuliziwa kila mtu na kila mfugo. Akamuulizia mke wangu, akawaulizia watoto wote watano kwa majina, na kidonda cha goti cha yule wa mwisho hakukisahau. Nami nikawa najibu kama ilivyo desturi: mzima, mzima, wazima.

"Na mbuzi wako?"

"Wazima."

Mama akaegemea jembe, akanitazama kwa huruma.

"Mbuzi uliwauza wote, ukanunua ile televisheni. Lile kopo bado lipo, mwanangu? Anza kumeza wewe."