Zamu Yangu ya Jumapili

Kaka yangu alibandika ratiba ukutani, na tangu siku hiyo nikaanza kumchukia mtu nisiyemjua.

Ilikuwa karatasi ya daftari, imegongewa msumari kwenye mbao za chumba cha mbele, katika nyumba yetu ya mtaa wa Katoyi, mjini Goma. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, zilikuwa za mchezo wa simu. Jumanne ilikuwa ya karata na vijana wa jirani. Alhamisi na Jumamosi, mpira. Jumapili saa kumi, igisoro, na kando yake ameandika "petite". Petite ni mimi. Kabla ya simu ile kila jioni ilikuwa yangu. Sasa nimepewa mstari mmoja, wa chini kabisa.

"Yaya, hii ni nini?" nikamuuliza, yaya likiwa neno letu la kaka mkubwa.

"Horaire. Nataka kila muchezo upate saa yake, juu mutu asilalamike."

"Na mwenye iko nalalamika sasa?"

Akacheka, akaingia chumbani na simu yake. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya karatasi ile nikitamani kuichana, na nakiri kwamba kilichonizuia si adabu. Nilijua ataandika nyingine, na pengine katika hiyo mpya nisiwemo.

Igisoro chetu kilitoka kwetu milimani, Masisi. Ni ubao wa mashimo thelathini na mawili na mbegu sitini na nne. Unapanda mbegu shimo kwa shimo, unapiga hesabu, unamnyang'anya mwenzako zake na kuzitembeza upande wako. Baba aliubeba mgongoni siku waasi walipochukua ng'ombe wake wote. Mama hakuacha kumsema kwa hilo: mtu mzima anakimbia vita, anaacha jembe, anabeba mchezo. Lakini Goma ubao huo ndio uliotuletea watu. Wazee wa kwetu walikuja na vigoda vyao kila alasiri, wakapiga kelele za furaha mpaka jirani wakazoea. Mwanamke hakukaa kwenye igisoro. Nilileta pombe ya ndizi, nikaondoka, nikajifunza kwa kuchungulia mlangoni.

Kisha Baba akafa, na haukupita muda waasi wengine wakaingia mjini. Wazee wale wakatawanyika, huyu Rutshuru, yule ng'ambo ya mpaka, wengine hatukujua hata walikoelekea. Kaka akabaki na ubao bila mpinzani. Wiki nzima alicheza mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto, na ninyi mnajua mtu anayecheza hivyo anavyotia huruma. Ndipo akafunga mlango, akaniita. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Siku ya tatu nikamshinda, akanitazama kana kwamba kiti ndicho kimesema.

Kwetu, anayenyang'anya mbegu nyingi hakai kimya. Kila mwanaume ana icyivugo chake, maneno ya kujisifu aliyoyatunga mwenyewe, na huyatoa kwa kasi, bila kupumua, mkono ukiwa bado juu ya ubao. Cha kaka kilisema: mimi ndiye mkamuaji asiyemwaga, ng'ombe zangu zilivuka mlima bila mchungaji, anayezihesabu atachoka vidole. Kilikuwa kizuri lakini kilikatika ghafla mwishoni, nikamwambia hivyo. Akasema haya, kimalize wewe. Nikakimalizia: na dada yangu ndiye anayefunga zizi. Akakipokea. Mama, aliyekuwa akisikia kila kitu kutoka jikoni, akasema mwanamke hajisifu, hata kwa kinywa cha kaka yake. Ila nilimsikia akicheka peke yake juu ya sufuria.

Basi kaka huyo ndiye niliyeibiwa na mchezo wa simu. Aliuanzia kwenye saiba, duka moja la intaneti la mtaa wa Birere, baadaye akaupata kwenye simu yake. Ni nchi isiyokuwapo, yenye kuta na mapanga, na mamia ya watu wanaingia humo kwa pamoja, kila mmoja akimlea mtu wake wa kubuni mpaka awe na nguvu. Kaka alikuwa mbeba ngao katika kundi lililolinda lango. Mbeba ngao hawezi kitu bila mganga anayesimama nyuma yake na kumtibu, na mganga wa kaka alikuwa mtu wa Gisenyi, mji wa Rwanda hapo tu nyuma ya barrière, kivuko cha mpakani. Mezani tulikuwa tunakula mganga. Mganga amesema hivi, mganga ni mwerevu, bila mganga jana tungekufa wote. Nikaamua kuwa mganga ni mwanamke. Tena mweupe, mwenye kucheka puani. Hakuna aliyeniambia, wivu hauhitaji kuambiwa.

Jumatano moja nilikuwa namenya viazi, na kaka upande wa pili wa mbao analitumia kundi lake ujumbe wa sauti. Nikamsikia anatoa icyivugo. Mkamuaji asiyemwaga, ng'ombe, mlima, vidole. Nikaacha kumenya. Nikasema moyoni hatathubutu. Akathubutu: na dada yangu ndiye anayefunga zizi. Simu ikajibu kwa vicheko vya watu wengi, na mmoja akaomba arudie ili akishike kichwani. Akarudia polepole, kama mwalimu. Maneno yale tuliyatunga mlango ukiwa umefungwa, na sasa anayagawa kama karanga kwa watu ambao hata sura zao hazijui.

Sikusema naye mpaka Jumapili. Jumapili yenyewe nikaosha ubao, nikatandika mkeka, saa kumi ikafika. Kaka akatoka chumbani na penseli.

"Petite, unihurumie. Leo bako natushambulia ku lango. Nakuweka Mardi."

Akafuta jina langu, akaliandika kwenye mstari wa karata. Nikamkata jicho, nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe jeusi la mlima wa volkano, lile lililokuja na moto nilipokuwa mdogo, nikalia kwa hasira.

Hata hiyo Jumanne sikuipata, vijana wa karata walifika kabla yangu. Mlima ulipasuka tena jioni ya Jumamosi iliyofuata, mbingu ikawa nyekundu, na moto ukasimama kabla haujatufikia. Tukadhani yamekwisha. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana, vikombe vikicheza kabatini, mpaka asubuhi moja likatoka tangazo kwamba watu waondoke mjini. Mama alikuwa amekwenda Birere kutafuta unga. Kaka akakimbia kumfuata, akakuta soko zima linamiminika barrière, watu wameshonana, akasukumwa mpaka akarudishwa nyuma. Akarudi peke yake. Majirani walikuwa wanaelekea Sake, mji mdogo upande wa pili, nasi tukaamua kwenda nao. Labda Mama amepitia mtaa wa Katindo, labda tutamkuta njiani.

"Beba chaji yangu, iko ku musumari," akaniambia akifunga madirisha.

Niliiona. Ilikuwa inaning'inia pale pale chini ya ratiba. Simu yake ilikuwa ya zamani, tundu lake pana, na chaji za watu wengine hazikuingia. Yote hayo niliyajua vizuri. Nikaweka mbegu ndani ya soksi, nikafunga ubao ndani ya kitenge, nikaubeba mgongoni kama Baba, nikatoka. Chaji nikaiacha msumarini.

Sake tulilala ndani ya darasa la shule na familia nyingine sita. Simu ilizima kabla jua halijazama. Nilipomwambia nimesahau chaji, kaka alishika kichwa. Kesho yake nikafungua kitenge.

Siku tatu tulicheza asubuhi na jioni. Hakukuwa na lango wala mganga. Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeahidi kuandika ukweli: watu walikuwa wanalia pembeni yetu, watoto wanaharisha, maji yanagombaniwa, na mimi nilikuwa na furaha. Nilimshinda kila mara. Siku ya tatu ndipo nikaona kuwa hakuwa akicheza. Aliweka mbegu bila kuhesabu, macho yako barabarani. Niliponyang'anya shimo kubwa hakuguna hata kidogo. Wakati huohuo mama mmoja aliyelala karibu nasi akapigiwa simu na mwanawe, akaanza kupiga kelele za shukrani. Kaka akasema taratibu, akiutazama ubao:

"Mama anajua numero moja tu mu dunia. Yangu. Siku tatu iko naita, iko nakuta nimekufa."

Mimi sikuwa nimefikiria hilo. Naapa sikuwa nimelifikiria. Niliiona chaji, nikamwona mganga, nikaishia hapo. Mama, ambaye hakuwahi kuwa na simu yake, hakunipita akilini hata mara moja. Nikaziweka chini mbegu nilizokuwa nazo mkononi.

Kaka akamwomba mwalimu wa shule ile dakika kumi za simu yake. Hakuna namba ya mtu aliyoikumbuka. Zote zilikuwa ndani ya simu iliyozima. Neno la siri la mchezo ndilo pekee lililokuwa kichwani mwake. Akaingia kwenye ile nchi yao isiyokuwapo, akamwandikia mganga: labda mama yangu amevuka kwenu, mtafute. Mganga hakumjua Mama kwa sura, wala kaka hakuwa na picha. Nikamwona kaka anafikiri, kisha anaandika mstari mmoja tu: pita katikati ya watu ukisema icyivugo changu.

Kesho yake jioni mwalimu akatuita mwenyewe. Kulikuwa na ujumbe wa sauti. Mganga alikuwa amezunguka siku nzima katika viwanja na makanisa walikolala watu wa Goma, akijisifu kwa sauti kubwa kama mwendawazimu, watu wakimcheka. Kisha ikaja sauti ya Mama. Alisema alimsikia mtu anasema habari za ng'ombe na mlima, hakugeuka, wanaume wengi wana ng'ombe midomoni. Lakini aliposikia habari za dada anayefunga zizi aliinuka na kumshika mtu yule shati, kwa sababu katika ukoo wote ni mwanawe mmoja tu mwenye ujinga wa kumtia mwanamke mwishoni. Akauliza: na huyo dada, muko naye?

Kaka akanipa simu nijibu. Nikamrudishia.

Tuliporuhusiwa kurudi, mganga mwenyewe alimleta Mama mpaka barrière. Alikuwa mwanaume wa miaka kama hamsini, mwenye kitambi na viatu vya mpira, kazi yake kunyoa nywele. Yule mwanamke mweupe wa kucheka puani nilimzika pale pale. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza, "Ni wewe unafungaka zizi?" akausema mstari wangu wote kwa Kinyarwanda kitamu kuliko changu. Na mtu huyo aliyeniletea mama yangu nikamwonea wivu tena, kwamba ameusema vizuri.

Nyumbani chaji ilikuwa bado msumarini. Kaka akaitoa, akaikung'uta vumbi la mlima.

"Nilikuambia uibebe."

"Nilisahau, yaya."

"Na ubao haukuusahau."

Hakusema zaidi, si siku ile wala baadaye. Jumapili iliyofuata, saa kumi, alitandika mkeka yeye mwenyewe. Mara mbili kundi lilipomwita akaiacha simu iite, na badala ya kufurahi nikakosa hesabu, nikashindwa vibaya.

Miaka ikapita, waasi wakaingia tena mjini, na kaka akaenda Kampala. Huko ameoa. Mama hayupo tena. Ubao umebaki kwangu Katoyi, na kaka amejichongea mwingine kwa mbao za makreti. Tumeyapa mashimo namba, na kila Jumapili saa kumi za Goma ananipigia, tunacheza kwa kutajiana namba, kila mtu akipanda mbegu za wote wawili kwenye ubao wake. Mkewe sijawahi kumwona. Namsikia tu kwa nyuma. Mwanzoni alikuwa akinisalimu. Siku hizi nasikia sufuria inawekwa chini kwa nguvu, nasikia mlango, nasikia kimya cha mtu aliyesimama karibu akingoja aonwe. Naijua sauti ya sufuria ile. Najua pia kuwa chakula kiko tayari, na bado nahesabu mbegu zangu polepole.

Jumapili iliyopita tulikuwa katikati, amenipokonya mashimo mawili, akaanza kujisifu, mara akakatiza.

"Ngoja, petite. Simu iko nazima, na chaji siioni. Niliiweka hapa hapa. Madamu anasema hajaiona."

Nyuma yake hapakuwa na sauti yoyote, hata ya kijiko.

"Usiitafute," nikamwambia. "Enda ukule, yaya."

"Na muchezo?"

Nikaanza kumjibu, simu yake ikazima. Nikazirudisha mbegu ndani ya soksi, moja moja, na nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote, kwa sababu nilijua hasa alivyokuwa akijisikia.