Bunduki ya Maji ya Binamu

Juzi, katika duka moja la Biashara Street, nilinusa harufu ya plastiki mpya, nikaikumbuka bunduki ya maji ya binamu yangu. Ilikuwa ya kijani, na ilirusha maji kutoka barazani hadi dirisha la juu. Asubuhi ya Idi alinilowesha nayo gauni langu jipya, akacheka mbele ya watoto wa mtaa mzima.

Sikulia. Nilimvizia. Bunduki ile ilikuwa na ila moja: maji yalikwisha upesi, na kila yakiisha ilimlazimu kuinama kwenye bomba la uani kuijaza. Nikapanda ngazi na ndoo ya maji yaliyooshewa samaki. Alipoinama, nikammiminia yote.

Kanzu yake nyeupe ikajaa magamba. "Nyanya! Nyanya! Tazama alivyonitenda!" alilia.

Nyanya alitoka jikoni, akamtazama, kisha akalitazama gauni langu lililokuwa bado likichuruzika.

"Na yale maji yaliyooshewa kuku yako jikoni, mwanangu," aliniambia, "kama hujatosheka."

Nilikuwa sijatosheka. Nikaenda kuyachukua.