Udongo Mwekundu wa Sabaki

Jedida Ndirangu alizaliwa Murang'a, kwenye miteremko ambako mtu hulima kama anayepanda ngazi. Kazi ya uhandisi ndiyo iliyomleta Malindi, na wenzake walimtania kwamba ameolewa na kazi hiyo. Hakuwa mtu wa kusema asilolijua. Ndiyo maana kosa lake la mto Sabaki lilimchoma sana.

Wakazi wa huko walitaka kujenga wodi ya kujifungulia karibu na zahanati yao, juu ya ukingo wa mto. Swali lilikuwa moja: ukingo ule utasimama, au siku moja utaporomoka na jengo na waliomo? Jedida aliletewa vipimo vya mteremko na picha. Picha zilionyesha ukuta wa udongo mwekundu, umesimama wima katika jua la kiangazi. Akafungua programu yake kwenye kompyuta, akachora umbo la mteremko, kisha akajaza sifa za udongo: uzito wake na jinsi unavyoshikana. Sifa hizo alizitoa katika kazi ya zamani ya barabara kule kwao. Udongo mwekundu ameujua tangu utotoni, nani angemfundisha?

Programu ikajaribu kila njia ambayo ardhi ingeweza kukatikia, ikichora kila moja kama tao kwenye kioo cha kompyuta, ikachagua iliyo dhaifu kuliko zote. Hata hapo nguvu ya udongo kujishikilia ilizidi uzito unaousukuma chini kwa nusu nzima. Salama. Akamwambia mwenyekiti wa kamati, Mzee Mwambire, kwamba wanaweza kujenga.

Wakamwalika vigingi vya msingi vilipopigwa. Mvua ilikuwa imenyesha mapema asubuhi hiyo. Jedida alikanyaga ukingo ule kwa viatu vyake vya kazi, akala mahamri, akapigiwa vigelegele. Aliporudi nyumbani alichukua kisu kikuukuu akwangue matope, maana kwao udongo ukishika kiatu utaufikisha mpaka kanisani. Hakukuta matope. Aligonga soli, na mchanga mwekundu, uliokwisha kukauka njiani, ukamwagika sakafuni kama sukari.

Alibaki amesimama na kisu mkononi.

Kesho yake alirudia hesabu, safari hii kwa sifa za mchanga, na maji ya masika ndani yake. Mteremko haukuweza kujibeba wenyewe, seuze wodi. Akamwita mkuu wake, Maina.

"Punguza maji," Maina alisema, hata hajaketi. "Shusha huo mstari wa maji kidogo, uone."

Akaushusha mstari ule ulioonyesha kimo cha maji ardhini. Namba ya usalama ikapanda.

"Si hivyo tu? Shusha tena."

"Maina, hapa nayashusha kwa kidole. Masika atayashusha nani?"

"Unapenda kuhubiri, wewe. Wale watu wamekwisha kumshukuru Mungu!"

"Basi wamemshukuru kwa kosa langu."

Programu ile haiulizi umeyatoa wapi unayoiambia. Ukiidanganya, itakuchorea uongo wako kwa rangi nzuri na mistari iliyonyooka. Jedida angeweza kunyamaza, na pengine mvua kadhaa zingepita bila mtu kugundua. Aliwaza vile vigelegele, akaona aibu ya kurudi mbele ya watu wale. Kisha akawaza mama aliyelala na kichanga chake, na ardhi chini yao. Akachukua funguo za gari.

Kamati ilikuwa imeketi kwenye mabenchi ya zahanati.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, injinia. Umefuata mahamri? Leo yamekwisha!"

Wakacheka. Jedida akawaeleza akiwa amesimama, bila kuzungusha maneno. "Nilidhani udongo wenu ni kama wa kwetu. Nikaupa nguvu usizokuwa nazo."

"Kwani hukuushika?" aliuliza Kadzo, mkunga wa zahanati.

"Sikuushika."

"Ukaona rangi tu ukapenda! Wee, ndivyo tulivyoolewa wengi hapa."

Kicheko kikazuka tena, lakini Mwambire hakucheka. "Binti yangu alijifungulia njiani," alisema. "Nimewatangazia watu kwamba wodi inaanza. Sasa niwaambie nini? Kwamba mtu wa bara aliota?"

"Waambie Jedida amekosea, kwa jina langu, Mzee. Lakini pale asilazwe mtoto."

"Alazwe wapi basi?"

"Sijui bado. Nyuma zaidi, pengine upande wa barabara. Sitasema mpaka tuchimbe mashimo, udongo upelekwe maabara."

"Hujui." Mwambire alimtazama. "Mara ya kwanza ulijua upesi."

Mzee akainuka, akatembea taratibu hadi ukingoni, akang'oa kigingi cha kwanza, akamkabidhi.

"Vilivyobaki ng'oa mwenyewe."

Akainama, akaving'oa kimoja kimoja, kamati nzima ikimtazama. Hakuna aliyemsaidia, naye hakutazamia msaada. Alipomaliza, mgongo ukimuuma, alisikia mtu akija nyuma yake. Alikuwa Kadzo, amebeba jembe begani.

"Haya, injinia," alisema. "Shimo la kwanza wapi?"