Siku Niliyomvusha Mama Mkwe Mto Yala

Siku ya kwanza kazini nilipewa panga, jozi ya buti za mpira zilizonizidi ukubwa, na amri ya kunyamaza. Bwana Misitu Msaidizi, ofisa aliyesimamia upande wetu wa msitu wa Kakamega, alinitembeza njia nzima yeye mbele mimi nyuma, na kila nilipofungua mdomo aliinua kidole. Tulipotokea upande wa pili akaniuliza, "Umesikia nini?" Nikamjibu kwamba sikusikia kitu kwa sababu hatukuzungumza. "Basi rudi uanze tena," akasema, kisha akaketi kwenye gogo na kumenya ndizi yake. Nikarudi peke yangu. Safari hiyo nilisikia hondohondo wakipiga mbawa juu ya miti kama mtu anayekung'uta mkeka, nikasikia mbega wakirukiana, nikasikia maji mahali ambapo sikujua kuna maji. Nilipomweleza, alinipa ndizi iliyobaki.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa Malava, nilikuja Shinyalu kutafuta kazi nikapata kazi na mke pia, kwa hiyo sina la kulalamika. Ninyi vijana mnaoingia msituni na simu zenye ramani mtanisamehe nikijisifu kidogo. Ramani yetu ilikuwa miti. Tuliambiana, "Pinda kushoto kwenye mti uliokumbatiwa," yaani ule mti mkubwa ambao mtini, ule mti wa tini za mwitu, umeuzunguka mpaka ukaumeza, na kila kiongozi wa wageni alijua ni upi.

Kazi ya kiongozi ilianza kabla ya kuingia msituni. Kwanza unawaambia wageni wachomeke suruali ndani ya soksi. Wengi walicheka, hasa wanaume. Basi unawaacha wacheke, unaingia nao, na siafu wanamaliza somo lililobaki. Nimewahi kumwona bwana mmoja mwenye heshima zake, hakimu huko kwao Ulaya, akivua suruali mbele ya watu wote huku akiruka mguu mmoja mmoja. Baadaye aliniambia hajapata kufurahi hivyo tangu utotoni. Ukishawapitisha hapo unawapa kipande cha mukombero watafune, ule mzizi mtamu wenye harufu nzuri ambao watu wetu huutafuna kwa ajili ya nguvu, na wakikuuliza nguvu za nini, unawaonyesha kipepeo.

Nilipokwisha kuizoea kazi ya kutembea, kampuni ndogo ya safari ilileta mashua za mpira ili wageni watembee msituni asubuhi, kisha wateremke mto Yala mchana. Bwana Misitu Msaidizi alinipendekeza. "Huyu anasikia maji," alisema, na kwa neno hilo nikahamishwa.

Huko mtoni bosi wangu alikuwa Mkuu wa Safari, mtu wa Ukambani, mwanajeshi mstaafu, mfupi, mwenye sauti iliyomzidi kimo. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu. Mashua ya mpira si mtumbwi. Ni mirija minene iliyojazwa upepo, nayo ikigonga jiwe hudunda. Wapiga kasia huketi pembeni, wawili wawili, wakitazama mbele. Nahodha huketi nyuma kabisa, na kasia lake ndilo usukani. Mahali ambapo maji yanateleza laini katikati ya mawe tulipaita ulimi. Ukiingia ulimini umepona. Ukiukosa, utazungumza na mawe.

Lakini sheria yake ya kwanza haikuhusu maji. "Mashua haiondoki," alikuwa akisema, "mpaka nahodha akague kila jaketi la kuelea. Si kwa macho. Vuta kila mkanda, kisha nyanyua mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, huyo umemvalisha kofia." Mtu akianguka mtoni humshiki mkono, maana mkono unateleza. Unamshika mabega ya jaketi, unabana magoti kwenye mrija, unajitupa nyuma, naye anakuja juu yako kama gunia. Kama jaketi halikukaza, utavuta jaketi tupu.

Sasa niwaeleze siku yenyewe. Ulikuwa msimu wa mvua ndefu, na Mkuu wa Safari alikuwa ametangaza kwamba siku hiyo atanipima. Ataketi katikati ya mashua bila kushika kasia, nami nitaongoza. Nikifaulu nitakuwa nahodha, wa kwanza kutoka kwa vijana wa hapa. Nikikosea sheria hata moja nitarudi kufyeka njia. Niliutaka unahodha kuliko kitu chochote, nasema wazi. Na nyumbani nilikuwa na jambo jingine. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza juma lile, na kila asubuhi aliniuliza kama mama yake amefika. Mama mkwe wangu aliishi ng'ambo ya Yala. Mafuriko yalikuwa yamebeba daraja la magogo, na barabara ya kuzunguka ilikuwa matope matupu. Mke wangu hakulia, lakini alikuwa ameacha kula vizuri.

Wageni walikuwa wanne, mume na mke kutoka Denmaki na rafiki zao wawili. Tulitembea msituni vizuri, tukaingia mtoni vizuri, na katikati ya safari tukatia nanga kwenye mchanga wa ng'ambo tupate kula. Nikiwa ninakata nanasi niliona mwanamke amesimama kwenye mawe, ametupa mgongo, anatazama mahali daraja lilipokuwa. Kichwani alikuwa na mfuko wa unga wa wimbi, na mkononi kikapu chenye kuku. Nilimtambua mara moja. Tangu nioe sikuwahi kuuona uso wake vizuri, lakini ule mgongo niliujua.

Kwa asiyejua desturi yetu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi pamoja, wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Wala si uadui. Ni heshima, na mwenye heshima nyingi hukimbia zaidi. Nami mbele ya mama huyu nilikuwa nimeshakimbia sana.

Mkuu wa Safari ndiye aliyemwendea. Alirudi akiniambia, "Huyu mama anaenda kumwona mjukuu. Tutamchukua. Kuvuka moja kwa moja hapa haiwezekani, mkondo utatubeba, lakini tutamshusha tunapotua sisi, upande wenu. Mvalishe jaketi."

"Mkuu," nikasema, "yule ni mama mkwe."

"Vizuri. Basi utakuwa mwangalifu zaidi."

"Siwezi kumgusa."

Alinitazama kama anayemtazama askari aliyekataa kupiga saluti. Nikapendekeza yule mama wa Denmaki amkague. "Nahodha ni nani?" akauliza. "Ni yeye au ni wewe?"

Mama mkwe alisikia yote. Alikuwa amejifunika leso kichwani na kutazama mto. Kwa kuwa desturi haikumruhusu kunisemesha, na pale hapakuwa na mtu wa nyumbani wa kupitisha maneno, aliinama akaisemesha kuku yake.

"Kuku," akasema, "muulize huyo mtu mtoto analalanga vizuri?"

Nikaikabili kuku. "Kuku, mwambie mama mtoto analala vizuri. Mama yake ndiye asiyelala, anamngojea yeye."

"Kuku, mwambie mimi niko hapa toka asubuhi. Kama kuna njia ya maji, nitapita maji."

"Kuku, mwambie shida ni mikanda ya jaketi. Lazima mimi niikague."

Wageni walikuwa wameacha kula. Mkuu wa Safari alinitazama, akaitazama kuku, akanitazama tena.

"Kuku," mama mkwe akasema polepole, "huyo mtu si ako na kasia? Kasia haina ukoo na mtu."

Basi hivyo ndivyo nilivyofanya. Mama wa Denmaki alimvalisha jaketi, mama mkwe akasimama amenipa mgongo, nami nikiwa mbali urefu wa kasia nikapitisha mpini chini ya kila mkanda na kuuvuta. Ule wa chini ulikuwa umelegea. Nikamwambia kuku, kuku akamwambia mama, ukakazwa. Kisha nikaingiza ncha ya mpini chini ya bega la jaketi na kunyanyua. Halikupanda. Mkuu wa Safari alijipangusa uso. "Jeshini nimeona mengi," akasema, "hii sijaona. Twende."

Na jambo lililonifurahisha ni kwamba mashua na desturi vilipatana. Mama mkwe aliketi mbele akitazama mbele, mimi nikaketi nyuma kwa nahodha, na baina yetu kulikuwa na Wazungu wanne na mwanajeshi mmoja. Hata nyumbani kwake hatukuwahi kupangwa vizuri namna hiyo.

Maji yalikuwa makubwa. Nilitoa amri, "Mbele," nao wakapiga kasia, "Chini," wakainama. Tuliingia ulimi wa kwanza kama siagi. Ulimi wa pili, ule wa karibu na kutua, ulikuwa umegawanyika kwa sababu ya mafuriko, nikachagua wa kulia. Nilichagua sawa, hata leo nasema hivyo, lakini wimbi liliinua pua ya mashua, ikajipinda, na nilipopangusa macho mama mkwe hakuwepo mbele. Leso yake ilikuwa ikielea. Kisha nikaona jaketi la rangi ya chungwa likija upande wangu, na kichwa juu yake, na macho yakinitazama moja kwa moja.

Sikufikiri kitu. Nilimshika mabega ya jaketi, nikabana magoti, nikajitupa nyuma. Jaketi halikupanda hata kidogo. Alikuja na maji yote ya Yala, akaniangukia kifuani, paji lake kwenye kidevu changu, tukalala sakafuni mwa mashua tumekumbatiana mbele ya watu.

Mkuu wa Safari alinyakua kasia langu akatuelekeza ufukweni. Mimi nilikuwa nimeona kila kitu kimekwisha, unahodha na ndoa pamoja. Mama mkwe aliketi, akatema maji, akanitazama usoni. Ndipo aliponiuliza mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kupitia kwa mtu.

"Kuku iko wapi?"

Yule bwana wa Denmaki alifungua mikono. Kuku ilikuwa mapajani mwake, imelowa, imekasirika, nzima. Mama mkwe alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, wageni wakacheka, nami nikacheka machozi yakanitoka, kwa sababu nilikuwa nimeogopa sana. Unga wa wimbi tulikuwa tumeufunga katikati kwenye mfuko wa mpira, haukulowa.

Tuliposhuka, Mkuu wa Safari alinivuta kando. Nilijua nitasikia habari ya panga na kufyeka njia. "Mkanda ule wa chini," akasema, "ndio uliomrudisha. Umefaulu, Nahodha." Alitembea hatua chache akageuka. "Lakini wageni wengine utawakagua kwa mikono."

Nyumbani nilimkuta mke wangu amemwegemea mama yake, anakula obusuma, ule ugali wetu wa wimbi, na ile kuku, tena anakula kweli. Alikuwa ameshasimuliwa. Kila aliponitazama alianza kucheka upya. Kwetu heshima ikivunjika kwa bahati mbaya hurekebishwa kwa zawadi, kwa hiyo nilimpelekea mama mkwe shuka jipya, naye akaniletea jogoo. Baada ya hapo mimi ndiye mkwe wake pekee aliyempa mkono. Waume wa mabinti wengine waliendelea kuingia kwenye mahindi.

Nimekuwa nahodha na baadaye mkuu wa manahodha mpaka nywele zikageuka rangi. Mkuu wa Safari alirudi Ukambani, Bwana Misitu Msaidizi alihamishwa, na msitu tuliwaachia ninyi. Mkiniuliza nimejifunza nini, nitasema kazi ina sheria zake na watu wana zao, na mtu wa kazi hii asikimbilie kuchagua moja. Atafute kasia kwanza.

Siku ya safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, watu wa nyumbani walikuja kuniaga mtoni. Mama mkwe aliletwa ameshikwa mkono na yule mtoto wa juma lile, sasa msichana mrefu kuliko mimi. Macho yake yalikuwa yamefifia. Nilikwisha kukagua jaketi za wageni wote na nilikuwa ninapanda mashuani aliponiita kwa jina langu. Nikarudi. Alipapasa kifua changu mpaka akaupata mkanda wa chini, akauvuta kwa mikono yake miwili. Kisha akashika mabega ya jaketi, akanyanyua.

"Sawa," akasema. "Sasa unaweza kwenda."