Vidonge vya Maji Nilivyomeza Siku ya Posa Igamba

Nikisimulia hili huwa natazama chini, maana mtu mzima mwenye diploma ya ugavi, niliyejisomesha Lusaka kwa kubeba viroba mgongoni, nikarudi Tunduma na kujenga nyumba ya vigae, hakutegemewa kujikojolea sebuleni kwa watu. Lakini nilijikojolea, tena nikiwa mshenga, na suti ilikuwa ya rangi ya maziwa (msicheke kabla sijafika mbali).

Tulikuwa twende Igamba kumposea Ezekia, mtoto wa marehemu dada yangu, aliyempenda binti wa mkulima mmoja wa kahawa mpaka akakonda. Kijana hana baba wala mama, msemaji wake ni mimi. Sasa asubuhi viatu vipya vikagoma, miguu imevimba kama ilivyozoea miezi ile, na badala ya kuvaa kandambili (nani anaposa na kandambili?) nikamwomba jirani yangu, Mama Neema, vidonge vya mama yake vya kutoa maji mwilini. Akanipa kimoja. Nikaomba cha pili, kwa sababu mimi nina mwili mkubwa, nikasindikiza na kikombe cha majani ya kupunguza uvimbe niliyonunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Njiani nilisimamisha gari mara mbili kuchimba dawa kichakani, nikajiona fundi, viatu nikavisukumia kwa kijiko.

Kwa ukoo ule, mshenga akishatamka neno la posa hatoki mlangoni mpaka ajibiwe. Akitoka, ameondoa posa. Nililijua hilo vizuri. Nikatamka kwa Kiswahili changu kizuri, wazee wakaingia chumbani kushauriana, na hapohapo kibofu kikaanza upya. Nikabana. Nikakunja miguu, nikaikunjua. Ezekia akaninong'oneza, "Mjomba, mbona unatoka jasho?" nikamjibu ni joto (Igamba, mwezi wa sita, watu wamevaa masweta).

Baada ya nusu saa nikainuka. Shangazi wa binti, Mama Tumaini, nesi mstaafu aliyekaa karibu na mlango, akaninyooshea mkono.

"Mshenga, unaondoka na maneno yako?"

"Hapana mama, nanyoosha miguu tu."

"Basi inyooshe ukiwa umekaa."

Nikakaa, na kule kukaa ndiko kulikoniponza. Wazee wanatoka chumbani, mshenga ameloa, kochi limeloa. Nikasimama niombe radhi, kizunguzungu kikanizoa, nikaangukia meza ya chai. Baba wa binti akauliza taratibu, "Hii ni posa, au ni nini?" Ezekia akaanza kulia, na hilo ndilo lililoniuma kuliko suruali.

Mama Tumaini hakucheka. Alipandisha mguu wa suruali yangu, akabonyeza ugoko kwa kidole gumba, likabaki shimo kama kwenye unga uliokandwa.

"Unameza nini, baba?"

Nikataja: cha presha, vya maumivu ya magoti nilivyojinunulia mwenyewe na kumeza kila siku tangu mwaka jana, yale majani ya Nakonde, na vya leo.

"Vya leo kakuandikia nani?"

"Jirani."

"Na maharage unapikia nini?"

"Magadi, mama, na chumvi ya kutosha, na samaki wa chumvi pembeni."

"Wanasema una diploma."

"Ndiyo."

"Ya dawa?"

"Ya ugavi."

Sebule ikalipuka kwa kicheko, hata baba wa binti akafuta macho. Mama Tumaini akamgeukia: "Kaka, mtu huyu, mlango ulikuwa wazi na hakutoka. Kaloa hapahapa kwa ajili ya binti yetu. Mjibuni." Wakajibu ndiyo.

Jioni ileile Mama Tumaini alinipeleka hospitali. Daktari akanieleza kwamba vile vya magoti vinazuia maji mwilini na kuumiza figo, na zangu zilishaanza kulalamika. Akavisimamisha, akabadilisha na cha presha, kwani nacho kilichangia kuvimbisha vifundo, na chumvi na magadi akanipunguzia mpaka nikaona maharage hayana maana. Vya Mama Neema, alisema, vinaweza kumuua kabisa mtu asiyepimwa.

Siku hizi viatu vinaingia vyenyewe. Ningeweza kuficha aibu yangu, lakini bila ile aibu nani angebonyeza ugoko wangu? Sitameza tena kidonge cha mtu, wala changu nisichokielewa. Kila Jumapili baada ya ibada nampigia Mama Tumaini, namsomea majina ya dawa zote zilizo mezani, yeye anasema "endelea", nami naendelea, na nikimaliza namwambia asante mpaka anachoka na kukata simu.