Lete Hivyo Hivyo

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nikiwa sitaki. Ilikuwa Jumamosi, huko Kona Baridi, na nilikuwa nimeshika injini ndogo mapajani kama mtu aliyetumwa kupeleka keki ya harusi. Ngoja nikueleze ilivyofika hapo, maana bila mwanzo wake hutaelewa kwa nini mzee wa umri wangu bado anaona haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na nane, nimepanga chumba hapa Noonkopir, na jirani yangu alikuwa Mzee Lemayian. Huyu mzee alikuwa fundi wa mitambo. Ujana wake wote aliumaliza kando ya mashine za kusaga mawe, mashine kubwa kama nyumba, zenye kelele ya kukufanya usahau jina lako. Alipostaafu alijenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake, akaweka leth, ile mashine ya kukereza chuma, kuukuu lakini nzima, akaanza kutengeneza injini ndogo za mvuke. Ndogo kabisa. Ungeziweka juu ya meza ya chai na bado ukapata nafasi ya vikombe.

Watu walimcheka. Kuna mama mmoja alimuuliza hiyo injini inasaga nini.

"Haisagi kitu," mzee akamjibu. "Inazunguka."

Yule mama akaenda zake akitingisha kichwa. Mimi nilibaki, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kingine. Injini ikizunguka, mzee alikuwa akifunga macho. Anafunga macho, anainamisha kichwa kidogo, halafu anakwambia ugonjwa uko wapi: pini hii imelegea, pistoni inagusa huku juu, kipande fulani kimekaa upande. Unafungua, unakuta ni kweli. Sijawahi kuona tena mtu wa namna hiyo, na nimezunguka na mafundi wengi.

Basi akanifundisha. Hakuwa mwalimu mpole. Nikiharibu kipande alikitupa nje kwenye nyasi, akaniambia nianze upya, na ng'ombe wa majirani walipita wakikanyaga jasho langu la wiki nzima. Lakini nikifika asubuhi niliinamisha kichwa, kama vijana wa Kimaasai wanavyowafanyia wazee, naye aliniwekea kiganja utosini. Kwetu hatukulelewa na salamu hiyo. Nilijifunza kwake, na niliipenda kuliko nilivyokubali wakati ule.

Mwaka mmoja mikono yake ikaanza kutetemeka. Alikuwa katikati ya injini nzuri kuliko zote, ameshamaliza silinda na pistoni, na pistoni ile iliteleza ndani ya silinda bila kukwama na bila kucheza. Binti yake, Naserian, akaja kumchukua akaishi naye Kona Baridi. Siku ya kuhama mzee alinipa vile vipande vimefungwa kwenye shuka kuukuu.

"Maliza," akaniambia. "Ikizunguka, niletee niisikie. Nimesikia mashine kubwa maisha yangu yote. Nataka kusikia hii ndogo."

Nilimwahidi, mwanangu. Na kumaliza nilimaliza. Baada ya miezi minne nilijaza upepo kwenye tyubu ya tairi la lori, maana sikuwa na cha kuchemshia maji, nikaunganisha mpira, nikafungua koki, na injini ikazunguka. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Ila ilikuwa inagonga. Tok, tok, tok, mahali fulani ndani, na mimi sikujua ni wapi. Nikampigia mzee simu.

"Inazunguka, mzee, lakini inagonga. Wacha niitengeneze kwanza."

"Lete hivyo hivyo."

"Hata rangi haina bado."

"Kijana, si kugonga ndio nataka kusikia? Lete hivyo hivyo, nikuambie ni wapi."

Hapo ndipo ilinipasa kupanda gari siku hiyo hiyo. Badala yake nikasema wiki ijayo. Niliogopa, sikufichi. Sikutaka macho yale yafungwe na uso ule ukunjamane mbele ya binti yake kwa sababu ya kazi yangu. Nilitaka siku nikiingia nayo, mzee akose la kusema.

Nikaanza kuipamba. Nilisugua shaba kwa msasa mpaka ukaiona pua yako ndani yake. Niliipaka rangi ya kijani, nikaikwangua, nikaipaka nyekundu. Nikatafuta ubao wa kuiwekea, nikautupa, nikatafuta mwingine. Na wageni wakija kwangu nilifungua upepo, wakapiga makofi, wakasema huyu kijana ana kichwa. Haya yananiuma mpaka leo: watu wote wa plot ile niliyopanga waliisikia injini ya Mzee Lemayian, mpaka yule mama wa kuuliza inasaga nini. Ambaye hakuisikia ni mzee peke yake.

Kwenye simu alianza kuniambia nirudie. Sema tena. Sema tena. Nikalaumu network. Halafu simu ikawa inashikwa na Naserian, na siku moja akaniambia wazi, "Masikio ya baba yanaisha. Hizo mashine za zamani zilimharibu, na sasa uziwi unaenda mbio. Kama unakuja, kuja."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia nakuja, imebaki rangi ya mwisho tu. Rangi ya mwisho ilichukua miezi miwili, na nilipaka kila mahali, hata kwenye koki, ing'ae pamoja na mengine.

Basi tukafika Kona Baridi, mimi na injini mapajani, na tyubu niliyoijaza upepo njiani pale Kiserian, iko nyuma ya pick-up ya rafiki. Pale huwa kuna upepo, na siku hiyo ulikuwa umeshika mabati ya jikoni unayapiga mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Mzee alikuwa amekaa nje juu ya kiti, amevaa koti zito. Nikainamisha kichwa. Akaniwekea kiganja.

"Sopa, kijana," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Epa, mzee."

Akaangalia kule bondeni, akasema kwa utulivu, "Siku hizi upepo umepungua huku."

Bati likalia nyuma yake kwa nguvu. Naserian alikuwa ameleta chai. Aliweka vikombe, akatazama chini.

Nikaweka injini juu ya meza ndogo. Mzee aliipapasa yote, pole pole, gurudumu, silinda yake mwenyewe, ubao. Hakusema lolote kuhusu rangi. Nikaunganisha mpira wa tyubu. Aliponiona nashika koki, akafunga macho na kuinamisha kichwa kama zamani.

Koki ikakataa kuzunguka. Rangi ilikuwa imeishika. Nikajaribu kwa vidole, nikajaribu kwa kitambaa, wapi. Injini ilikuwa imetulia kabisa, gurudumu halijasogea hata kidogo. Nilikuwa nataka kumgusa nimwambie asubiri, na hapo akatabasamu.

"Naisikia," akasema. Macho yamefungwa. "Ni laini sana. Haigongi hata kidogo."

Naserian aliniangalia, nami nikashindwa kumwangalia.

Nilichukua koleo kwenye mfuko, nikavunja ile rangi, upepo ukaingia na injini ikazunguka. Tok, tok, tok. Ilikuwa inagonga kama siku ya kwanza. Mzee bado alikuwa anatingisha kichwa chake taratibu, kwa mwendo mwingine usiolingana nayo. Alipofungua macho akaliona gurudumu linakwenda, akafurahi, akanishika mkono. Sikumwambia. Sijui mpaka leo kama alitaka kunifariji mimi au alikuwa anajifariji mwenyewe. Niliinuka nikaenda nyuma ya jikoni nikalia, na upepo ulikuwa mkali hivi kwamba hakuna aliyenisikia.

Mzee Lemayian tulimzika miaka mitatu baadaye. Injini iko nyumbani kwangu, ukija utaiona, na ukiniomba nitaizungusha. Bado inagonga. Nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na sijajua ni wapi. Yeye angeniambia kwa dakika moja, kama ningeipeleka ikiwa haina rangi.

Kwa hiyo sikia ninachokuomba, mwanangu. Najua una nyumba haijaisha huko kwenye shamba lako, na umesema mama yako atakuja ukishaweka tiles. Au labda una wimbo, au kitabu, au mtoto ambaye hujampeleka kwa babu yake kwa sababu mambo yako hayajakaa sawa. Peleka. Anayekupenda hangoji ung'ae. Anataka kukuta kasoro yako wakati bado anaweza kuisaidia, na wewe kwa kuona haya unamnyima hiyo kazi. Mkaribishe mama yako akae juu ya mfuko wa simiti, akuambie dirisha umeliweka vibaya. Utafurahi kwamba aliliona.

Haya, sogea, inamisha kichwa nikuwekee kiganja, kama nilivyowekewa. Mungu akupe mikono isiyotetemeka mapema. Akupe watu wa kukwambia ukweli, na akuachie masikio yao mpaka ufike. Na siku ukisita mlangoni kwa sababu kitu chako hakijawa tayari, akusukume kidogo mgongoni, uingie nacho hivyo hivyo.